Duara la Tobias na Mkono wa Baba Mkwe

Wewe uliyepata gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, pengine umefungiwa maandazi ndani yake, ngoja nikusogeze kidogo ili twende pamoja.

Mimi ni Aurelia wa Ruanda, kijiji chetu cha kahawa, mama yake Luisa. Baba yake Luisa ni Vitalis wa kijiji cha Tingi. Aliniahidi ndoa, akaenda Tunduru kuchimba vito, na mpaka naandika haya hajarudi wala hajaleta neno. Posa haijafika kwetu. Kwa hiyo baba yake, Mzee Meinrad, anasema hanijui.

Sasa kwetu mkwe na baba mkwe hawashikani mikono. Ukikutana naye njiani unapisha, unapiga goti pembeni, unasalimia macho chini, basi. Ndiyo heshima yenyewe. Mzee Meinrad akaona hapo hapo pana mlango wa kutokea. Siku nitakayompa mkono mbele ya watu, habari imekwisha. Mkwe gani huyo anayeshikana mikono na baba mkwe wake? Nitabaki binti wa watu tu, na Luisa wangu atabaki mtoto asiye na kwao.

Ndiyo maana ananifukuza mwaka mzima ili anisalimie.

Wiki iliyopita niliwaacha stendi ya Kitai, mzee alipochomoza nyuma ya basi mkono mbele, "Habari za siku, binti!", nami nikatumbukiza mikono yangu yote miwili ndani ya gunia la mahindi la mtu, nikamwamkia nikiwa humo humo. Mwenye gunia akapiga kelele za mwizi. Kilichoniokoa ni dumuzi. Nilipotoa mikono ilikuwa imejaa wadudu hao, mwenye gunia akawaona, akasahau wizi, akaanza kumlaumu mke wake aliyemwambia mahindi ni mazima. Mimi nikapenya.

Haya. Leo nitawaeleza lililonipata Mbamba Bay.

Kwanza lazima mjue kwamba mimi nacheza. Tena sichezi kioda, ngoma ya akina mama wa kwetu, wala kwaya. Nacheza ngoma ya Kikuba.

Nisicheke mwenyewe, nieleze.

Masomo yetu ya jioni tulikuwa tunasomea kwenye ghala la kahawa la ushirika. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, ghala limebaki tupu, harufu tu ya kahawa ndiyo haijahama. Mwalimu wetu alipopata kazi kwa mnunuzi mmoja, akatuacha katikati ya barua ya kuomba kazi. Tukabaki tumekaa na madaftari. Ndipo akaingia Tobias.

Tobias alisomea kilimo Kuba, serikali ilimpeleka. Aliporudi akaajiriwa ushirika, ushirika ukapunguza watu, akapunguzwa. Akabaki na redio kaseti, viatu vyeupe, na jambo moja alilosema hawezi kufa nalo peke yake.

"Jamani, mnajua kuhesabu?" alituuliza.

"Tunajua, mwalimu."

"Basi mnajua kucheza salsa. Simameni."

Ngoma yenyewe ni duara. Wanaume na wanawake, wawili wawili, mmekabiliana, mmeshikana mikono. Mmoja ndiye mwitaji. Akiita jina la mtindo, duara zima linafanya mtindo huo kwa pamoja. Na akiita ule wito mkubwa, kila mwanamume anamwachia mwanamke wake, anasogea kulia kwetu wanawake, anamshika anayefuata. Wanawake tunabaki mahali petu tukiletewa wanaume kama sahani za harusi.

Majina ya Kikuba yalitushinda, tukayapa ya kwetu. Kuna "Laza nyasi," mnainama pamoja. Kuna "Chimba ngolo," mnazunguka kama mnachimba yale mashimo yetu ya mlimani. Kuna "Anika kahawa," mikono inatandazwa. Ule wito mkubwa tukauita "Peleka."

Na upo mwingine, "Rudisha," ambapo wanaume wanarudi kinyume. Huo Tobias aliufundisha kisha akaufungia kabatini, maana kijana wetu Methodi kila ukiitwa alikwenda upande wake mwenyewe na kuangusha watu.

Mkiniuliza kwa nini nilikubali, nitawajibu kweli. Mtoto amelala mgongoni, redio inalia, na kwa muda ule hakuna anayeniuliza baba yake yuko wapi. Duara haliulizi.

Basi akatokea tajiri mmoja wa kahawa, amejenga nyumba ya wageni ufukweni Mbamba Bay, anataka siku ya kuifungua pawe na kitu ambacho watu hawajakiona. Tobias akasikia. Tukapandishwa kwenye lori.

Tulipofika Tingi lori likasimama kupakia watu. Nikachungulia. Nani yuko pale barabarani, koti la Jumapili, kofia mkononi, na mke wake Mama Kunigunda nyuma yake na kikapu?

Nikajikunja nyuma ya Devotha, rafiki yangu. Haikusaidia. Mzee Meinrad alikanyaga gurudumu, akainua uso, akaniona. Akatabasamu kama mtu aliyekuta shilingi kwenye koti la zamani.

"Binti," akasema, na mkono ukapanda juu. "Nivute."

Lori zima: "Mvute mzee! Mvute! Ataanguka!"

"Devotha, mvute wewe," nikanong'ona.

"Mimi nimembeba mtoto wako!"

"Kijana gani huyu asiyemvuta mzee?" akasema mama mmoja wa pembeni. "Hii ruksa ya kila kitu imewaharibu."

Mkono ulikuwa umefika usawa wa goti langu. Nikapapasa nyuma, nikapata mwavuli wa Tobias, nikamnyooshea mpini wake uliopinda. Mzee Meinrad akautazama mpini. Akautazama mkono wake. Dereva akakanyaga mafuta, na yeye akaudaka mpini kwa nguvu zote, nami nikamvuta kwa mwavuli mpaka ndani kama samaki.

"Shikamoo, baba," nikasema macho chini.

"Mwavuli!" akasema, akihema. "Mwavuli!"

Mama Kunigunda, aliyepandishwa na wengine, akakaa juu ya kikapu chake bila kusema neno. Huyu mama hajawahi kusema neno juu yangu tangu hadithi hii ianze, wala la ubaya wala la wema. Mnamjua.

Kushuka milima ile kuelekea ziwani ni kona juu ya kona. Methodi alianza kubadilika rangi kwenye kona za mwanzo. Tulipoliona ziwa, watu wote wakapiga kelele za furaha, isipokuwa Methodi, ambaye alipiga kelele nyingine na kuinama nje ya lori. Tulipofika akalazwa mchangani, kando ya vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wa ziwa letu, akasema tusimguse na tusimwambie habari za kuzunguka.

Hapo ndipo msiba ulipoingia. Duara haliwezi kupungukiwa mwanamume. Ukiita "Peleka" na mtu amepungua, mwanamke mmoja anabaki ananyoosha mikono kwa upepo.

Wageni wamekaa. Tajiri anatazama. Tobias, jasho linamtoka, akapaza sauti: "Jamani, hakuna mwanamume hata mmoja mwenye miguu?"

"Mimi ninayo."

Niliijua sauti ile kabla sijageuka.

Mzee Meinrad alikuwa anavua koti. Akalikunja, akampa mke wake.

"Baba Vitalis," akasema Mama Kunigunda taratibu, "kiuno hicho?"

"Kiuno hiki kilikuwa kapteni wa ngoma ya mganda Lituhi nzima! Nimewaangalia hawa wakijaribu. Hii ni chachacha iliyokwenda shule. Amri, hatua, amri, hatua. Nani wa kunifundisha amri?"

Watu wa Tingi wakashangilia. Walikuwa wengi; lori lilikuwa limewapakia wote.

Nikamkimbilia Tobias. "Mwalimu, yule ni baba mkwe wangu."

"Mwenyewe anasema si mkwe wako."

"Ndiyo maana anataka kucheza!"

Tobias akaniwekea mkono begani. "Mama Luisa, nisikilize. Kwenye duara hakuna mkwe wala shemeji. Kuna wa kulia na wa kushoto."

"Basi nitoe mimi."

"Nikikutoa wewe, nani ataingia? Nimkalishe mzee aliyekwisha kuvua koti mbele ya kijiji chake?"

Devotha akanivuta pembeni, Luisa kiunoni mwake anatafuna ukosi wa gauni. "Mama Luisa, jifanye unaumwa. Kalale na Methodi."

Nikafikiri. Na mnisikilize vizuri wasomaji wangu, maana mtaniita mjinga. Nilifikiri hivi: nikilala leo, kesho atanifuata Kitai, keshokutwa atanifuata kanisani, mpaka siku moja nitasahau na kumpa mkono. Lakini hapa watu wote wa Tingi wapo. Nikimkwepa hapa, mbele yao wote, kwa heshima, goti chini, nani atathubutu tena kusema si mkwe? Ni nani anayemkwepa mzee hivyo kama si mke wa mwanawe?

Nikaona mwanga kabisa.

Na hesabu yangu ilikuwa nzuri. Wanaume wanasogea kulia. Mzee alipopangwa na Bonifasia, dada mwenzetu wa masomo ya jioni, mimi nikaenda kusimama kushoto kwa Bonifasia. Ili anifikie, lazima alizunguke duara zima. Wimbo utakwisha yuko ng'ambo. Niliwaza, asante masomo ya jioni.

Kaseti ikaanza.

Nitasema ukweli hata kama unaniuma: mzee anajua. Mgongo umenyooka, miguu inachapa kama gwaride, kichwa hakitikisiki. Bonifasia alikuwa anacheka kwa raha. "Laza nyasi!" Analaza. "Chimba ngolo!" Anachimba kama analipwa. Wageni wakaanza kusimama kwenye viti.

Tobias akiita hufumba macho. Anasema anaona Kuba.

"Peleka!"

Mzee akamwachia Bonifasia, akasogea kulia, mbali nami. Akanitupia jicho juu ya bega. Kumbe alikuwa hajui duara linakwenda upande gani. Alidhani litamleta kwangu. Nikamwona anahesabu wanawake waliobaki. Uso ukamshuka. Mimi nikatabasamu, Mungu anisamehe.

Halafu tajiri akapiga makofi, wageni wakapiga makofi, na Tobias, macho yamefumbwa, Methodi hayupo, akalifungua lile kabati.

"Rudishaaa! Mbili!"

Mzee Meinrad akageuka nyuma papo hapo kama askari. Akampita Bonifasia. Akasimama mbele yangu.

"Habari za siku, binti," akasema. Na mkono ukaja.

Nikaweka mikono yangu nyuma ya mgongo.

Sikupanga. Mikono ilikwenda yenyewe. Miguu ikaendelea kucheza, maana nilijua nikisimama duara litanikanyaga, na mikono ikabaki nyuma imeshikana yenyewe kwa yenyewe. Nikapiga goti kidogo kila hatua ya tatu. "Shikamoo, baba." Hatua, hatua, goti. "Shikamoo, baba."

Mzee akazunguka nyuma yangu kuifuata mikono. Nami nikazunguka. Akaja kushoto, nikageukia kushoto. Akajifanya anakwenda kulia, akarudi. Sikudanganyika, nimelea mtoto tangu anatambaa, najua hila hizo.

"Oneni mtindo huo!" akapaza sauti mgeni mmoja. "Bila mikono!"

Bonifasia akaniona, akadhani Tobias amenipa mtindo mpya ambao yeye hakuambiwa. Akaweka mikono nyuma. Aliyefuata akaweka. Punde wanawake wote wa duara wana mikono nyuma, wanapiga goti, wanasema "Shikamoo, baba," na vijana wa Ruanda wanawazunguka hawaelewi wamekosa nini.

Makofi yalikuwa kama mvua juu ya bati.

"Simama, binti!" Mzee alikuwa anahema sasa. "Nipe mkono yaishe!"

"Siwezi, baba."

"Mimi si baba yako!"

"Ndiyo, baba."

Sasa Devotha. Simlaumu. Ni rafiki yangu, alifurahi. Lakini Devotha alipoanza kupiga makofi, alipiga kwa mikono miwili.

Luisa akajikuta chini. Akaona miguu ya mama yake. Akaja kwa vile vihatua vyake vya kuyumba, akapita kati ya Bonifasia na kijana wake, akaingia mpaka kati yangu na Mzee Meinrad, miguu inachapa kila upande. Akayumba. Akanyoosha mkono kutafuta cha kushika, na kilichokuwa karibu kuliko vyote ni ule mkono uliokuwa umenyooshwa kwangu. Akadaka kidole.

Na hapo betri za redio zikafa. Wimbo ukalegea, ukanguruma kama ng'ombe, ukanyamaza. Kwenye kimya kile watu wote, wa Tingi, wa Ruanda, wageni na wavuvi waliokuja kuchungulia, wakasikia sauti ya Mzee Meinrad peke yake:

"Aa, mke wangu! Utakanyagwa!"

Akambeba.

Ninyi mnajua. Ni nani anayemwita mtoto mdogo "mke wangu"? Baba yake hamwiti hivyo. Mjomba hamwiti hivyo, jirani hathubutu. Ni babu tu. Babu peke yake ndiye mwenye utani huo, na kwa mjukuu wake mwenyewe.

Devotha akapasua vigelegele. Mwanamke wa Tingi akadakia: "Mmesikia? Babu ameita!"

"Ulimi umeteleza!" Mzee akasema. "Ni ulimi tu!"

"Ulimi umeteleza," akasema mke wake kutoka kwenye kiti. "Na mkono je? Mbona bado umembeba?"

Hilo ndilo neno lake la kwanza juu yetu. Nililisikia mpaka kwenye nyayo.

Mzee Meinrad akamtazama mtoto. Luisa naye akamtazama, kisha akamshika pua. Ana tabia hiyo. Baba yake, kabla hajaondoka, alikuwa akimwacha afanye. Mzee akataka kucheka, nilimwona kabisa, midomo ikaanza. Nikasema moyoni, Aurelia, leo umefika kwenu.

Halafu midomo ikarudi mahali pake. Macho yakawa madogo. Nimemkwepa mwaka mzima, nayajua macho yale.

"Sawa," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Nimesema, na sirudi nyuma. Mtoto huyu ni damu ya Vitalis. Ni wetu. Tangu leo ni wa Tingi."

Vigelegele vikaanza tena.

"Lakini mama yake," akasema, "mama yake ndiye simjui."

Vikakatika.

Luisa alikuwa amechoka sasa. Akaanza kulia, akaninyooshea mikono yote miwili. Maziwa yakanitoka mpaka blauzi ikalowa. Nikapiga hatua moja mbele, nikasimama.

Mmeona? Mtoto alikuwa kwenye mkono wake wa kushoto, amemkumbatia hadi kifuani. Kumchukua, lazima nimguse mzee.

Devotha akakimbilia. "Mzee, nipe mimi."

"Nani wewe? Nyuma! Nimesema mtoto ni wetu, hapewi mpita njia. Mama yake mwenyewe aje." Akanigeukia, na ule mkono wa kulia, mkono nilioukimbia mpaka guniani, mkono niliouvuta kwa mwavuli, ukaja mbele yangu polepole, kiganja juu.

"Njoo umchukue, binti. Nipe mkono, nikupe mtoto."

Hakuna aliyepiga makofi. Luisa analia, "Mama, mama," na ziwa linapiga nyuma yetu. Nikimshika mtoto, mimi si mkwe tena, na yeye atakuwa na babu lakini mama yake hatambuliwi. Nisipomshika, lori litapanda Tingi naye ndani.

Mikono yangu ikatoka nyuma ya mgongo. Sikuiamuru. Ilikuwa inamfuata mtoto.

Ndipo nikaona, kando, Mama Kunigunda ameinama. Anavua viatu. Akaviweka juu ya koti la mumewe, kimoja kando ya kingine, akajifunga kanga kiunoni, akaingia duarani kwa hatua za kioda.

Anakuja kwangu? Kwa mumewe? Kwa mtoto? Usoni hapakuandikwa kitu.

Na Tobias, mwalimu wetu, ambaye katika yote haya hakufumbua macho hata mara moja, akadhani kimya kile ni watu wanamngoja yeye.

"Kuba hatuhitaji betri!" akasema, akaanza kutupigia mdundo kwa viganja. Wageni wakaupokea. Wanaume wote wa duara wakainua mguu, na Mzee Meinrad naye, Luisa wangu mkononi.

"Pelekaaa!"